Taa Uliyonifungia Ghalani

Nasra mwanangu,

Baba yako kaniomba nikuandikie habari za baridi ya Glasgow, chakula, na watu wa kukaa nao. Nimemjibu kwamba hayo ameshayasema mwenyewe wiki nzima, tena mbele ya wageni. Mimi nataka kukuandikia habari ya taa. Unaijua nusu yake. Nusu nyingine nimekaa nayo tangu mwaka juzi, na sitaki uondoke nyumbani bila ya kuijua, maana ni yako zaidi kuliko yangu.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu najua hukuipenda. Ulipokuwa mdogo skuli, mwalimu alipouliza wazazi wanafanya kazi gani, ulisema baba anaendesha basi na mama yuko kwenye "mambo ya usafi". Sikukasirika. Hata mimi harusini, mashoga zangu wakiniuliza, nilikuwa nasema nafanya kazi na kampuni, basi. Siku ile Bi Asha aliponiita "muua panya" mbele ya watu, nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda chooni nikakaa huko mpaka biriani likapoa.

Lakini kazi ile niliipenda, mwanangu. Nilikuwa nasafisha ghala la vyakula kule Aston, nikiingia alfajiri na kutoka kabla hujaenda skuli. Keith akaja kutega mitego. Mzee wa Northfield, mrefu, mkimya, gari lake limejaa matundu ya waya na mikebe. Wenzangu wote walipanda juu ya viti. Mimi nilimshikia tochi. Alipomaliza aliniuliza kama nataka kazi ya kumsaidia, nikamwambia lazima nimuulize mume wangu. Baba yako alifikiri kidogo, akasema, "Zuhura, wewe panya wa kwetu Ng'ambo ulikuwa unawafukuza kwa kandambili. Nenda." Namshukuru kwa neno lile hata leo. Wanaume wengine wangeuliza kwanza watu watasema nini.

Keith hakuweza kulitamka jina langu, akaniita Zura, na mpaka leo naitika. Alinifundisha kutega, kuziba mashimo, kusoma njia wanazopita panya kwa mafuta yanayobaki ukutani. Kisha macho yake yakaanza kupungua nguvu, akanifundisha kupiga bunduki ya upepo. Tulianza na mikebe ya maharage nyuma ya nyumba yake. Mkono wangu ukawa mtulivu kuliko nilivyodhani. Alisema ni kwa sababu sina haraka ya kuonekana hodari, na maneno hayo niliyabeba kama zawadi.

Ndipo tukapata ile kazi ya shamba la kuku, nje ya mji kupita Northfield, kwa Bi Margaret. Ulikwenda mara moja, utakumbuka harufu yake. Sumu hakuitaka, maana kuna bundi darini na paka wawili, na mnyama akila panya mwenye sumu naye anakufa. Mitego panya wale walishaizoea. Likabaki jambo moja: kukaa gizani ghalani, kwenye magunia ya chakula cha kuku, na kuwapiga mmoja mmoja.

Kuona gizani tulitumia ile darubini ya Keith ya kuonea usiku, aliyoinunua ikiwa imeshatumika na kuifunga juu ya bunduki. Darubini ile peke yake haitoshi ndani ya ghala lisilo na hata nyota. Inataka taa ya infraredi, mwanga ambao jicho letu haliuoni lakini darubini inauona na kuugeuza picha ya kijani. Taa ilikuwa imefungwa hapo hapo juu ya darubini. Ukiwasha, badala ya kuona panya, unaona theluji. Vumbi la chakula na la majani makavu linaruka hewani, mwanga unalipiga unarudi machoni pako. Nguzo iliyo karibu inang'aa kama imepakwa chokaa, na nyuma yake ni weusi mtupu.

Mimi nikaamua taa ni ndogo. Nikamshawishi Keith tupate kubwa zaidi. Tukaipata, na mambo yakaharibika zaidi: theluji ikawa nzito, na ilipokuwa inawaka ilitoa kijidoa chekundu ambacho hata mimi nilikiona kwa macho. Sijui panya waliona nini, ila walikuwa wananyamaza wote kwa pamoja kila nikiwasha.

Usiku mmoja nikampiga panya vibaya. Nilidhani nimeona kichwa, kumbe mgongo. Alilia, akajiburuta chini ya mbao, na sikuweza kumfikia kummaliza. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Ulinikuta mezani na chai imepoa, ukaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yako, nini kimetokea. Nikakueleza. Nilitegemea utacheka, kwani ni panya. Hukucheka. Ulisema, "Kwa hivyo hukuwa unamwona."

Hiyo ndiyo sentensi iliyoanzisha yote. Mimi nilikuwa nasema taa ni ndogo, darubini ni mbovu, panya wa kule ni wajanja. Wewe ulisema sikuwa namwona.

Ukachukua rimoti ya televisheni na ile simu yako mpya yenye kamera, uliyoililia mwaka mzima. Ukanielekezea rimoti usoni, ukabonyeza, ukaniuliza naona nini. Sioni kitu. Ukaniwekea simu mbele, ukabonyeza tena, na kwenye kioo cha simu ncha ya rimoti ikawaka taa ndogo ya zambarau. Nilishtuka kama mtoto. Miaka yote tumekuwa tukimulikana sebuleni na hatujui.

"Mama, taa yako haina kosa," ukasema. "Iko mahali pabaya. Iko karibu mno na jicho."

Nami, Mungu anisamehe, nikakujibu kwa kiburi. "Wewe umekaa ghalani lini?"

Baba yako alikuwa anavua viatu mlangoni, ametoka zamu ya basi la Soho Road. Akasema bila ya kutuangalia, "Ukungu ukishuka, dereva mgeni anawasha taa kubwa. Haoni kitu. Mimi nazishusha chini." Kisha akaenda kuoga. Wewe ukanitazama, hukusema neno. Ulijua umeshinda, ukanihifadhia heshima yangu. Nakushukuru kwa ukimya ule pia.

Wiki zilizofuata ndizo siku nilizokuwa na raha zaidi katika nyumba hii. Meza ya jikoni ikajaa nyaya. Ulikwenda mjini na shoga yako mkarudi na vitaa vidogo kama punje za mchele. Vya kwanza vilikuwa na ule wekundu, ukavitupa. Vya pili havikuonekana kabisa gizani, lakini kwenye darubini picha ikawa hafifu, kwa sababu darubini ya zamani vile haioni mwanga wa namna ile vizuri. Nilitaka turudie vile vyekundu. Ukasema hapana, tusiongeze nguvu, tuisogeze taa karibu na panya, mbali na sisi.

Ukavifunga ndani ya bati la biskuti, ukaweka mbele yake karatasi ya kuokea mikate ili mwanga utawanyike, usiwe duara moja kali katikati na giza pembeni. Tulizima taa zote za nyumba tukalijaribu kwenye ushoroba, tukimtumia baba yako kuwa panya. Alitambaa kwa magoti na shati lake la kazi, akakataa kutambaa mara ya pili. Ulikuwa unacheka mpaka unakaa chini.

Halafu siku ile ya Jumamosi tukaenda wote shambani, mchana, tukafunga mapazia ya magunia ghala likawa giza. Bati moja ukalitundika kushoto ya magunia, chini, mwanga upite ubavuni. Jengine kulia, ili vivuli vipungue. Nilipotazama kwenye darubini niliona kila gunia na mshono wake. Theluji imeondoka. Niliuona unyoya wa kuku umeanguka sakafuni, ukitikisika kwa upepo wa mlango. Keith alitazama muda mrefu, akasema, "Zura, mtoto huyu hana adabu kwa taa za watu wazima." Ilikuwa sifa, na kwa Keith sifa kubwa.

Nilidhani tumemaliza. Wewe ukatoa bati la tatu.

"La nini?"

"La nyuma. Limulike ukuta."

"Panya hayuko ukutani, Nasra."

"Najua. Lakini ukikosa, risasi inakwenda wapi?"

Nilikwambia nyuma ya magunia kuna ukuta wa matofali, nimeukagua mwenyewe, hakuna kitu. Ukasema, "Basi utaona kwamba hakuna kitu." Niliona ni kupoteza betri. Nikalitundika kwa sababu tu uso wako ulikuwa na vumbi na umechoka na sikutaka tubishane mbele ya Keith.

Sasa nakuja kwenye ile nusu usiyoijua.

Ulikuwa unafanya mitihani. Mimi na Keith tulifika shambani jua linazama. Tukafanya kama siku zote: tukapita ghala lote na tochi, tukamwambia Bi Margaret tunaanza, asitoke mtu. Yeye akafunga mlango wa nyumba. Keith akaenda upande wa pili, kwenye mabanda, kuangalia mitego. Nikakaa kwenye kigoda changu, nikawasha mabati yako, nikasubiri.

Walitoka mapema. Sikuwahi kuwaona hivyo kabla, wanakula bila ya wasiwasi, hawajui kama wamemulikwa. Nikapiga wa kwanza, akaanguka pale pale, hakujua kilichompata. Nikapiga wa pili. Nilisema moyoni, nikirudi nitamwambia Nasra. Kisha akaja mmoja mkubwa, akapanda gunia la mwisho, lile lililo pembeni kabisa, akageuka ubavu akaanza kujisafisha masharubu. Hakuna mpigaji anayepata nafasi nzuri kuliko ile. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, kidole kikaanza kubana.

Nyuma yake ukuta ulikuwa unang'aa taratibu, kijani, tofali kwa tofali. Na chini ya ukuta, pale unapokutana na sakafu, palikuwa na kitu cheupe ambacho hakikuwepo tulipopita na tochi. Nilidhani mfuko. Nikawa nakitazama huku kidole kiko pale pale. Kisha kikajikunja. Vilikuwa vidole vya mguu wa mtu.

Sijui niliinua kidole vipi. Nakumbuka nimelaza bunduki chini, mdomo wake umeelekea mlangoni, nimewasha tochi na nakimbia juu ya magunia. Nyuma ya magunia alikuwa amelala Mzee Arthur, baba yake Margaret, ambaye akili yake ilikuwa imeanza kupotea na ambaye wote walidhani yuko kitandani. Alipita mlango mdogo wa nyuma, pekupeku, na nguo za kulalia na koti juu. Akajikwaa akaanguka kwenye upenyo ulio kati ya magunia na ukuta. Alikuwa baridi kama samaki wa barafuni, na nyonga yake, ndivyo walivyosema baadaye hospitali, imevunjika. Hakuita. Labda aliita na sisi tuko nje, labda alisahau kwamba mtu akianguka huita.

Kichwa chake kilikuwa pale panya alipokuwa, Nasra. Si pale pale, nyuma yake, chini kidogo. Nilirudi siku ya pili mchana nikapiga magoti kwenye kigoda changu nikatazama. Risasi ya bunduki ya upepo ni ndogo, watu huidharau. Kwa umbali ule, usoni mwa mzee, si ndogo.

Alinitazama kwenye mwanga wa tochi akasema, "Umekuja kukamua?" Zamani shamba lile lilikuwa na ng'ombe.

Nikamwambia, "Nimeshakamua, Mzee. Wote."

"Na yule mwekundu? Huwa anapiga teke."

"Leo hakupiga."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikamfunika koti langu, nikakaa chini sakafuni, nikakishika kichwa chake kisilale kwenye saruji, na nikampigia Keith simu, mara ya kwanza nikakosea namba. Keith alikuja anakimbia, yeye ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Margaret akaja na blanketi. Hakulia. Alikuwa anasema tu, "Nilifunga mlango, nilifunga mlango." Nikamshika mkono. Gari la wagonjwa likafika, wakamchukua. Kijana mmoja wa gari lile aliniambia kwamba kama tusingemwona usiku ule, hangefika asubuhi.

Tuliporudi, Keith aliegesha gari mbele ya nyumba yetu, hakuzima injini. Akaniuliza, "Ulikuwa umeshamlenga?" Nikasema ndiyo. Halafu akasema, "Taa ile ya ukutani mimi nilikuwa nataka kuiondoa leo. Betri zake zinaniudhi." Tukakaa mle garini, wazee wawili, injini inaunguruma.

Asubuhi nilikwambia taa imefanya kazi na kwamba mzee wa shamba alianguka tukamwona kwa sababu ya taa yako. Ulifurahi, ukaenda kwenye mtihani wako. Sikukwambia habari ya kidole. Nilifikiri utaanza kuota mambo ambayo hayakutokea, kama nilivyoyaota mimi. Baba yako nilimwambia. Alikaa kitandani akanisomea dua, kisha akaenda kukutengenezea chai kabla hujaamka, na wewe ukashangaa tangu lini baba anatengeneza chai.

Sikushika bunduki kwa muda. Keith hakunihimiza. Nilitega mitego tu, nikaziba mashimo. Nilijiuliza kama kazi hii ni yangu. Kilichonirudisha ni Mzee Arthur. Alitoka hospitali, akawa anakaa dirishani kwenye kiti chake. Nilipokwenda kumwangalia, Margaret akamwambia, "Baba, huyu ndiye Zura, aliyekuona." Hakunikumbuka. Lakini alinipa mkono, akaniuliza ng'ombe wamekamuliwa, nikasema wote, akasema asante sana, umenipunguzia kazi. Na kila nilipokwenda alinishukuru upya, kama vile ndiyo mara ya kwanza. Mwanzo nilikuwa naona haya kupokea. Baadaye nikaona ni vizuri kuwa na mtu wa namna ile. Watu wazima wenye akili timamu tunashukuru mara moja tunaona tumemaliza.

Nikarudi kwenye kigoda. Mpaka leo kitu cha kwanza ninachokitundika ni bati la nyuma. Nautazama ukuta wote kwanza, kisha ndiyo namtazama panya. Keith sasa anawafundisha hivyo hata vijana wapya, na anawaambia kitu hiki kakibuni msichana wa hapa Handsworth jikoni kwao. Hasemi jina lako, kwa sababu anaogopa kulikosea.

Nimekwambia haya kwa sababu najua watu wamekusumbua. Mjomba wako, walimu wako, hata mimi mara mbili: mtoto mwenye kichwa cha umeme vile anakwendaje kusomea ukunga? Ulinijibu kwamba unataka kazi yenye watu ndani yake. Nikadhani unakwepa hesabu. Sasa nimekaa hapa naandika na naona kwamba hata zile taa hukuzifanya kwa ajili ya taa. Uliniona nimekaa na chai imepoa. Ukaona panya anayelia. Ukamfikiria mtu ambaye hakuwepo, ambaye risasi ingemfikia kama ningekosa. Umeme ulikuja baadaye. Wakunga watakuwa na bahati kukupata, na wanawake wa Glasgow zaidi.

Mimi nilikulea nikidhani kazi yangu ni kukuonyesha. Mara nyingi nilikuwa nakuzuia. Nilikuambia usiulize sana mbele ya wageni, usibishane na wakubwa, kubali yaishe. Ulikubali mengi, nakushukuru, maana yalinipa utulivu nyumbani. Yale machache uliyokataa kuyakubali, na jinsi ulivyoyakataa, kwa sauti ya chini, bila ya kunivunjia heshima, hayo nakushukuru zaidi. Huko uendako kutakuwa na mwanamke mkubwa, amechoka, ana ujuzi, anakwambia hakuna kitu nyuma ya magunia. Utajua la kufanya. Mimi sina la kukuongezea.

Mkeka wangu wa kusalia nimeupeleka karibu na dirisha la chumba chako, kwa sababu kuanzia kesho chumba kitakuwa kimya na sitaki nikipite kama nyumba ya jirani. Baba yako anasema nisikigeuze stoo. Sitakigeuza.

Asubuhi kituoni ataongea yeye njia nzima, atakuonyesha milango ya treni kama vile hujawahi kupanda. Mwache. Mimi nitakushika begani tu, na huenda nisiweze kusema kitu mbele ya watu wote wale. Basi nakwambia hapa, ambapo naweza: palikuwa na mzee mmoja aliyepata miezi zaidi ya kukaa dirishani juani, na palikuwa na mama mmoja aliyerudi nyumbani na mikono safi, kwa sababu ulikataa kuniamini siku moja ya Jumamosi. Asante, mwanangu. Nenda salama.

Mama yako,
Zuhura